Taa ya miche ilimnyima mwanangu usingizi

Mwalimu wa darasa alinipigia simu Jumanne moja katikati ya Mei mwaka jana, nikiwa nachekecha udongo wa kusia mbegu. Hakuwa mkali. Alisema, "Mama, kijana wako analala darasani. Si mara moja. Leo amelala mpaka wenzake wametoka kwenda mapumziko." Nikamwuliza kama ana homa. Akajibu kwamba hana homa, ana usingizi tu.

Mwanangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Si mtoto wa kulalalala. Siku hiyohiyo nikampeleka zahanati. Malaria hakuna, minyoo hakuna, damu iko vizuri. Daktari akaniuliza, "Nyumbani analala saa ngapi?" Nikajibu kwa kujiamini kwamba saa 3 usiku yuko kitandani. Na ni kweli, alikuwa kitandani.

Jambo ambalo sikumwambia daktari, kwa sababu halikunijia akilini, ni kwamba hatua mbili kutoka kitanda hicho kulikuwa na taa ya zambarau inayowaka usiku kucha.

Ngoja nieleze taa hiyo ilikotoka, maana najua wazazi wengi siku hizi wanaziona mtandaoni na kutamani kuzinunua.

Tunapanga vyumba viwili na sebule ndogo hapa Mutuka, Babati. Baba watoto ni fundi ujenzi, na fundi ana mwezi wa kazi na mwezi wa kukaa. Binti yetu mkubwa yuko kidato cha pili, shule ya bweni. Ili kusaidiana, nilianza kuotesha miche ya nyanya, hoho na kabichi na kuwauzia majirani wenye bustani. Ua tunashiriki na wapangaji wengine. Kuku wanatembea humo, na kuna mbuzi wa jirani asiyejua mipaka. Trei zangu za kwanza ziliisha asubuhi moja. Nikahamishia kazi ndani, kwenye chumba cha watoto, kwa sababu ndicho chenye meza.

Mbegu ziliota vizuri, lakini baada ya siku chache miche ikaanza kurefuka kama nyuzi. Shina jembamba, jeupe, limelalia upande wa dirisha. Nikiigusa inaanguka. Nikaongeza maji, ikaoza. Nikaongeza mbolea, hali ikawa ileile.

Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Dareda, akainama, akaitazama. Akasema, "Mwanangu, hii haina njaa. Inatafuta jua."

Nilimbishia kimoyomoyo. Chumba kina dirisha, mchana ninasoma humo bila taa. Nikapakua kwenye simu programu ya kupima mwanga, zile zinazotumia kamera. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kulinganisha. Mezani, katikati ya chumba, ilisoma luksi 150 hivi. Karibu na dirisha ilifika 1,000 na kidogo. Nikatoka nje, nikasimama kivulini chini ya mti, ikapita 10,000. Jua la mchana lenyewe hufika karibu luksi 100,000. Macho yetu yanajirekebisha, ndiyo maana tunaona chumba kina mwanga wa kutosha. Mche hauna macho ya kujirekebisha. Ukikosa nuru unatumia akiba yote ya mbegu kurefuka, ukiamini kuna jua mahali fulani juu.

Hapo ndipo nilipotafuta taa. Dukani nikaonyeshwa moja yenye balbu ndogondogo nyekundu na za buluu, mwanga wake ukichanganyika unakuwa zambarau. Boksi limeandikwa 1000W. Bei sh. 35,000. Nililipa nikijiona nimepata.

Nataka kuwa mkweli: taa ilifanya kazi. Umbijani wa majani hupokea zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, kwa hiyo rangi hizo si utapeli. Niliitundika sentimita 20 juu ya trei, na miche iliyofuata ikasimama, mifupi na minene. Nikauza. Mteja mmoja akaagiza miche 600 ya nyanya. Kwa sh. 50 kila mmoja, hiyo ni sh. 30,000.

Mimi nikaingiwa na tamaa. Nikajiambia kwamba kama saa 14 za mwanga zinakuza mche hivi, saa 24 zitaukuza mara mbili. Nikaacha kuizima. Na kila aliyelalamika kuhusu LUKU nilimjibu, "Hii taa ndiyo mahitaji ya shule ya dada yenu." Nilisema hivyo mara nyingi, mbele ya watoto.

Usiku ule baada ya kutoka zahanati, nilikwenda chumbani saa 5 kumwangalia. Nilimkuta macho wazi, amejifunga kanga yangu usoni kama kitambaa, ameishusha kidogo ili anione. Ukuta mzima zambarau.

Nikamwuliza, "Hujalala?"

"Bado, mama."

"Kwa nini hukuniambia kwamba taa inakusumbua?"

Akanyamaza kidogo. "Ulisema ni ya dada. Nikisema, utaizima."

Wazazi wenzangu, sikuwa na jibu. Nilinyoosha mkono nikaizima, nikakaa pembeni ya kitanda gizani. Sidhani kama zilipita dakika kumi kabla hajaanza kukoroma.

Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Na usingizi haupimwi kwa muda wa kuwa kitandani. Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni inayoitwa melatonini, ambayo huuambia mwili kwamba usiku umefika. Mwanga, hasa wenye buluu ndani yake, huizuia homoni hiyo. Mimi nilikuwa nimemwekea mtoto mchana usiokwisha, kisha nikamshangaa kuchoka.

Wiki hiyohiyo lilitokea jambo la pili. Ile miche 600 ya nyanya ilikuwa imeanza kugeuka. Majani yalikuwa na madoa ya njano katikati ya mishipa, mengine yamepauka kabisa. Kabichi za pembeni zilikuwa salama. Nilidhani ni upungufu wa mbolea, nikaongeza dozi mara mbili. Bibi shamba alipopita Alhamisi nikamwonyesha. Hakugusa jani wala udongo kwanza. Aliniuliza tu, "Taa unaizima saa ngapi?"

Nilihisi uso unapata moto. Lilikuwa swali la daktari, limevaa nguo nyingine.

Akanieleza kwamba nyanya ni miongoni mwa mimea isiyovumilia mwanga wa saa 24. Ukiiwashia taa mfululizo, majani hupata njano na kudhoofika, hata ukiijaza mbolea. Mimea mingine huvumilia, lakini yote ina saa yake ya ndani. Alinitolea mfano wa mashamba ya maua. Kuna maua, kama krisanthemu, ambayo huchanua usiku unapokuwa mrefu. Mkulima asiyetaka yachanue mapema huwasha taa katikati ya usiku kwa muda, na mmea hukatiwa hesabu ya giza lake. Sikujua kwamba mmea unahesabu usiku.

Ile oda niliipoteza nusu. Miche 300 hivi ilipona, mingine niliitupa. Hasara yangu ni sh. 15,000, pamoja na mbolea. Nimeihesabu kama ada ya shule.

Baba watoto aliporudi kutoka saiti hakunisema sana. Alichukua mbao za mabaki na waya wa banda la kuku, akanitengenezea kreti yenye mfuniko. Sasa asubuhi trei zinakaa nje ndani ya kreti hiyo, kuku wanachungulia tu, na mbuzi amekata tamaa. Babati tuko karibu na ikweta. Mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na jua halina bili. Taa ni ya kusaidia tu: siku za mawingu mazito, na siku za kwanza mbegu zikichomoza, wakati jua kali na upepo vinaweza kuziua.

Kwa mzazi anayefikiria kununua taa ya mimea, haya ndiyo niliyojifunza kwa gharama yangu.

Usiamini namba kubwa ya wati kwenye boksi. Pima kwa mita yako ya LUKU. Zima kila kitu nyumbani, andika uniti zilizobaki, washa taa hiyo pekee kwa saa 5, kisha soma tena. Yangu ya "1000W" ilikula uniti 0.1 kwa saa 5. Maana yake ni wati 20. Ukiiwasha saa 14 kwa siku, ni uniti 8.4 kwa mwezi. Zinaonekana chache, lakini sisi tulio kwenye kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, tukivuka hapo uniti zinazozidi zinauzwa kwa bei ya juu.

Si lazima taa iwe ya zambarau. Taa nyeupe ya LED ya kawaida, ile ndefu ya dari, ina nyekundu na buluu ndani yake na inakuza miche vizuri. Tafuta iliyoandikwa 6500K, nyeupe ya mchana. Faida nyingine ni kwamba chini ya mwanga mweupe unaona rangi halisi ya jani. Zambarau ilinificha yale madoa ya njano kwa siku kadhaa. Balbu za zamani za waya usizitumie, umeme mwingi zinaugeuza joto na zitaunguza majani.

Umbali ni muhimu kuliko bei. Taa ya LED ya wati 20 juu ya dari haimsaidii mche aliye mezani. Ishushe iwe sentimita 15 hadi 30 juu ya majani, na uipandishe kadiri miche inavyokua. Miche ikirefuka na kulegea, taa iko mbali au muda hautoshi. Majani ya juu yakipauka au kujikunja, iko karibu mno.

Muda uwe saa 12 hadi 14, kisha giza kamili. Mimi nawasha saa 12 asubuhi na kuzima saa 2 usiku. Siku ambazo trei zimekaa nje, siwashi kabisa.

Maji na umeme havipatani. Soketi iwe juu ya usawa wa trei, si chini yake. Waya uache uning'inie kidogo kabla ya kufika kwenye soketi, ili tone la maji lidondoke chini lisifuate waya hadi ndani. Zima kwanza ndipo umwagilie. Kama una mtoto anayetambaa, usiweke ekstensheni sakafuni.

Miche iliyolelewa ndani usiiuze ikitoka tu. Izoeshe jua na upepo kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, la sivyo mteja ataipanda leo na kesho atakupigia simu.

Na la mwisho, ambalo halikuandikwa kwenye boksi: taa hiyo isikae chumba anacholala mtu. Yangu sasa iko kona ya sebule, nyeupe, na kochi tumelisogeza. Wageni wanaulliza, tunawaeleza.

Baada ya wiki mbili nilimpigia mwalimu mwenyewe. Akasema kijana yuko macho, tena sasa tatizo ni kuongea na jirani yake. Nilifurahi kulisikia tatizo hilo.

Nilimwomba mwanangu samahani. Nilimwambia kwamba mahitaji ya dada yake ni kazi yangu na ya baba yake, si ya usingizi wake, na kwamba jambo likimuumiza aseme hata kama nitakasirika. Alinisikiliza, akaniuliza kama anaweza kuwa yeye mwenye kazi ya kuzima taa. Nikakubali.

Sasa kila siku saa 2 usiku anasimama kwenye swichi, anatazama saa ya ukutani mpaka mshale ufike, halafu anabonyeza. Kisha anakwenda kulala.