Kiswahili Kilimfungia Mlango, Kiswahili Kikamfungulia

Watu wa Pwani wana mazoea ya kusema kwamba Kiswahili hakisomwi. Mtoto amezaliwa nacho, ameachishwa ziwa nacho, atakisomea nini tena? Mimi ni mama mkaazi wa Shika Adabu, Likoni, muuzaji wa mahamri na mbaazi, na nina la kuwaambia wazazi wenzangu kuhusu usemi huo.

Matokeo ya KCSE ya mwaka 2022 yalipotangazwa Januari 2023, binti yangu alipata wastani wa C+. Vigelegele vilipigwa, kwani hiyo ndiyo alama ya chini ya kuingilia shahada ya chuo kikuu. Yeye peke yake hakucheka. Alitaka kusomea sheria, na sheria ina sharti la pili: lazima mwanafunzi awe na B ya Kiingereza au ya Kiswahili. Kiingereza alikuwa na C+. Kiswahili, B-. Mtoto wa Likoni amekosa hatua moja tu, tena ya Kiswahili!

Jioni kaka yangu alikuja. "Dada, C+ si haba," akasema. "Mwache akasome ualimu. Huo mwaka wa kurudia utalipwa na nani?"

Neno lake lilikuwa na uzito. Anayerudia akiwa mtahiniwa wa binafsi hujilipia ada ya mtihani, na ili apate wastani mpya hana budi kuyafanya masomo saba.

Nilimuuliza binti mwenyewe kwa nini asichukue kilichopo. Akanikumbusha nyanya yake, aliyekuwa akiitwa mara kwa mara kwa mambo ya kiwanja, karatasi zikisomwa kwa Kiingereza na yeye akitia dole gumba. Huku kwetu mambo ya ardhi si mageni. Wako walioishi miaka na mikaka katika shamba la Waitiki bila hati yoyote, hadi hati zilipoanza kutolewa mwaka 2016. "Mama," akasema, "mimi nataka kuwa mtu wa kumsomea nyanya ile karatasi kabla hajaitia dole."

Sikuwa na jibu. Tukarudia.

Shule mbili zilitukataa, ya tatu ikampokea. Safari hii Kiswahili alikisoma kama mgeni aliyeshuka melini jana. Karatasi ya kwanza ni insha, ya pili ni lugha, ya tatu ni fasihi. Kuzungumza twaweza kuzungumza mpaka kuku walale, lakini ukiulizwa ngeli au kuchanganua sentensi, domo halikusaidii. Hata vitabu vya fasihi vilikuwa vimebadilika. Mtihani wa 2022 ulikuwa na Chozi la Heri na Kigogo. Wa 2023 ukataka Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha. Pesa za mahamri zikaenda dukani kwa vitabu.

Mwaka huo ulileta nafuu pia. Kuanzia 2023, Baraza la Mitihani huhesabu wastani kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Fizikia iliyokuwa ikimvuta chini ikaachwa nje.

Januari 2024 alipata B, na Kiswahili A-. Nililia mbele ya karai la mafuta.

Hata hivyo, kazi ilikuwa bado. KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, hawatazami wastani pekee. Huchukua masomo manne yanayohusu sheria, wakayakokotoa kwa jumla ya 48, na mwenye alama nyingi hutangulia. Vyuo viwili alivyovitaka zaidi vilijaa waliompita. Akapata chaguo lake la tatu, mbali huko bara. Ni miaka minne, kisha Chuo cha Sheria cha Kenya, kisha mazoezi chini ya wakili.

Wazazi wenzangu, matokeo yakija msihesabu wastani tu. Tazameni sharti la kozi yenyewe, somo kwa somo, mtoto angali kidato cha tatu. Nanyi wanafunzi, msikidharau Kiswahili kwa kuwa mnakijua. Katika mahakama za chini nchini humu mtu huweza kusikizwa kwa lugha hiyo, na anayeijua vyema atawafaa wengi.

Kaka yangu, yule aliyeuliza nani atalipa, alikuja juzi na karatasi za mkopo wa pikipiki. Hakuniuliza mimi. "Dada, hebu mpigie simu mpwa wangu," akasema. "Anisomee kwanza, sijatia sahihi."