Mishipa Haijajificha

"Sista, pole sana. Mishipa yangu ni mibaya. Ni huu unene."

Nilikuwa nimemdunga mara tano, na bado ni yeye aliyekuwa akiniomba msamaha. Saa mbili kasoro asubuhi, nje ya thieta, faili inasema kilo 138, anatolewa kifuko cha nyongo. Pamba nne mkono wa kushoto, moja kulia. Nikamwambia, "Usijali mama, imejificha tu."

Hiyo sentensi tunaitumia kila siku. Inasikika ya upole. Lakini isikilize vizuri: ni kama mwili wa mgonjwa ndio unaocheza brikicho, na sisi wenye sindano hatuna makosa.

Mara ya sita damu ikarudi, kwenye mkunjo wa kiwiko, kanula ya pinki. Nilitaka ya kijani, kwa sababu mtu akivuja damu mezani unataka njia pana. (Namba za kanula ziko kinyume: 18 ya kijani ni pana kuliko 20 ya pinki, na 22 ya bluu ni nyembamba zaidi.) Ila kufikia hapo nilikuwa natoa jasho, nikachukua nilichopata. Nikabandika plasta, dripu ikashuka vizuri, nikajipongeza kimoyomoyo.

Ndani ya thieta mkono hufunikwa na mashuka. Huuoni. Dakika arobaini baadaye mapigo ya moyo yakaanza kupanda. Daktari wa usingizi akasukuma dawa ya maumivu, hakuna kilichobadilika. Alipoinua shuka, mkono ulikuwa umefura kama unga wa mandazi. Dawa zilikuwa zinaishia kwenye nyama. Kilichomfanya asiamke ni gesi aliyokuwa akiipumua. Ikabidi watafute mshipa wa shingo, haraka haraka, na huko ukikosea kidogo unaweza kutoboa pafu.

Alipona. Alipoamka na kugusa bandeji shingoni, alisema tena pole.

Jioni daktari wa usingizi alichukua kalamu akachora juu ya boksi la glavu. Mshipa uko sentimita 1.5 chini ya ngozi. Unaingia kwa nyuzi 45. Mpaka uufikie umetumia sentimita 2.1. Kanula yako ina kama 3.3. Imebaki ngapi ndani ya mshipa? Sentimita moja na kitu. Tunafundishwa angalau theluthi mbili ziwe ndani. Yangu ilikuwa kama theluthi moja. Mkono ukisogezwa tu, mafuta yanahama, ncha inachomoka. Kumbe mishipa ilikuwa mahali pake siku zote. Kanula ndiyo fupi.

Siku hizi kwa mgonjwa mnene naanza na altrasaundi, singoji hadi nimemtoboa mara sita. Naangalia mshipa uko chini kiasi gani, ndipo nachagua urefu. Akitarajiwa kukaa na dripu siku kadhaa, tunafikiria ule mrija mrefu unaoingia mkono wa juu. Wa shingoni uwe na sababu yake. Kilo peke yake si sababu. Na urefu nao una gharama: kwa upana uleule, mrija mrefu hupitisha maji polepole kuliko mfupi, kwa hivyo kama damu nyingi inatarajiwa lazima uongeze upana. Halafu kuna hesabu zetu za huku. Mashine ni moja, iko wodi ya kujifungua, na kanula ndefu mara nyingi familia inatumwa duka la dawa kuitafuta.

Wiki jana alikuja dada wa rika langu, mzito kuliko yule mama. Alininyoshea mikono yote miwili kabla sijasema kitu. "Chagua tu," akasema, "wote hunisumbua." Nikaenda kuazima mashine. Nilipomaliza kubandika plasta bado alikuwa amefumba macho, amekaza meno, akingoja ya pili.