Unyumbufu wa Mapigo

Kiswahili kimeupa moyo kazi nyingi zaidi ya kusukuma damu. Moyo huwa mzito, huwa mkunjufu, huingia simanzi, huenda mbio. Na hofu ikimtoka mtu, twasema moyo wake umetulia. Neno hilo, kutulia, limenishughulisha mwaka huu mzima.

Mtu angetarajia moyo uliotulia upige kama saa ya ukutani. Kumbe moyo wenye afya, hata ukipiga mara 60 kwa dakika, hauachi sekunde moja kamili baina ya pigo na pigo: hapa nafasi ni sekunde 0.9, pale 1.1. Tukivuta pumzi, mapigo huongeza kasi kidogo; tukiishusha, neva iitwayo vagasi, itokayo kwenye shina la ubongo hadi kifuani na tumboni, huyapunguza. Mtu anapokaa katika hofu au majonzi, nguvu ya neva hiyo yaweza kupungua, na tofauti hizo zikafifia. Wataalamu huhusisha tofauti pana na uwezo wa kuzimudu hisia. Hata hivyo umri, usingizi na mazoezi navyo huzibadilisha, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakimwambii mtu kama ana furaha au huzuni.

Mama yangu alipofariki, kilichoniondoka kwanza ni pumzi ya kughani. Nilikuwa nikifika nusu ya mshororo, sauti inakatika. Baada ya arobaini nikaanza kughani kila usiku Utenzi wa Mwana Kupona, ambao mtunzi aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia bintiye. Siku za mwanzo nilivuta pumzi kila mshororo. Baadaye, kila miwili. Nilipoweza kuubeba ubeti mzima kwa pumzi moja, mishororo minne ya mizani nane nane, nilitazama saa: takriban sekunde 10, yaani pumzi sita kwa dakika.

Kasi hiyo watafiti wanaijua. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walionyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini huishusha pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika, na hapo midundo ya moyo na ya damu huoana. Mwaka 2004 watafiti wengine wa Ulaya waliona kwamba kughani mashairi ya heksamita, bahari ya Homer, huoanisha mapigo na pumzi kuliko kupumua kwa kawaida.

Sisemi kwamba utenzi ni dawa ya msiba. Zipo beti ambazo hadi leo sizimalizi. Nasema tu kwamba mghani humfundisha mtu namna ya kutulia: hesabu ya mizani haibadiliki, lakini sauti hurefuka hapa na kufupika pale, ipate kubeba maana.

Kwa sababu hiyo napendekeza hali hii ya moyo tuiite unyumbufu wa mapigo, kutokana na kunyumbuka, kitenzi ambacho wanasarufi wametuzoesha. Fito mbichi hupinda na kurudi, kavu huvunjika. Aliye na neno bora zaidi na alilete, tulipime kwa sauti kabla ya kuliandika.