Bustani ya Agosti 7: Mtoto anapouliza majina haya ni ya nani

Anayetoka kituo cha matatu cha Railways jijini Nairobi akielekea katikati ya mji hupita kando ya bustani ndogo iliyobanwa kwenye makutano ya barabara mbili zisizopumzika, Moi Avenue na Haile Selassie. Nje ya ua makanga wanaita abiria, wachuuzi wametandaza soksi na vifuniko vya simu, na mikokoteni inapenya kati ya magari. Ndani, baada ya ada ndogo ya getini, kuna nyasi, miti na viti vya kukalia. Karani anakula chakula chake cha mchana. Kijana anayetafuta kazi amebana bahasha ya vyeti kwapani. Mama mwenye mtoto mgongoni anapumzisha miguu kabla ya kupanda gari la kurudi nyumbani.

Kisha upo ukuta wa majina. Mtoto aliyeanza kusoma huufuata kwa kidole, jina moja baada ya jingine, halafu huuliza: "Hawa ni kina nani?" Hilo ni rahisi kujibu. Swali linalofuata ndilo huwapa wazazi tabu: "Walifanya nini?"

Jibu la kweli ni fupi. Hawakufanya lolote. Wengi wao walikuwa wamekwenda kazini.

Ijumaa asubuhi

Palipo na bustani leo ndipo uliposimama ubalozi wa Marekani. Ijumaa ya Agosti 7, 1998, kabla ya saa tano asubuhi, washambuliaji wa al-Qaeda walifika nyuma ya ubalozi wakiwa na lori lililojaa vilipuzi. Walinzi walikataa kuwafungulia. Mshambuliaji mmoja akawarushia guruneti, na muda mfupi baadaye bomu likalipuka. Karibu dakika hizo hizo, mamia ya kilomita kutoka hapo, lori jingine lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam.

Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Waliojeruhiwa walizidi 4,000. Walengwa walikuwa Wamarekani, lakini kati ya wale 213 wa Nairobi Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki karibu wote walikuwa watu wa hapa hapa: makarani, walinzi, wateja wa benki, wapita njia. Jengo la Ufundi lililopakana na ubalozi liliporomoka lote. Ndani yake zilikuwamo ofisi pamoja na chuo cha uhazili, na wanafunzi wake walikuwa darasani. Basi la abiria lililokuwa barabarani nalo liliteketea.

Kuna jambo moja la siku ile ambalo kila mzazi anafaa kuondoka nalo. Guruneti lilipolia, watu wengi maofisini waliinuka wakaenda madirishani kuchungulia kuna nini. Mlipuko mkubwa uliwakuta hapo hapo, nyuso zao zikiwa kwenye vioo. Ndiyo sababu manusura wengi wa Agosti 7 walipoteza macho. Mtoto anaweza kufundishwa hili bila kutishwa, kama anavyofundishwa kuvuka barabara: ukisikia kishindo, usikimbilie dirishani. Lala chini, jiweke mbali na vioo, kisha msikilize mtu mzima aliye karibu nawe.

Mikono mitupu

Picha zilizobaki za siku ile zinaonyesha moshi na vifusi, lakini zinaonyesha pia watu wanaokwenda upande usiotarajiwa. Wengine wanakimbia kutoka penye moshi, wengine wanakimbia kuuelekea. Kabla mashine kubwa hazijafika, wananchi walikuwa wamepanda juu ya vifusi na kuchimbua kwa mikono. Matatu, teksi na magari ya watu binafsi yaligeuka ambulensi, yakiwakimbiza majeruhi hospitali. Kenyatta, hospitali kuu ya nchi, ilifurika, na foleni za wanaotaka kutoa damu zikawa ndefu.

Siku zilizofuata vilifika vikosi vya uokoaji kutoka nje, wakiwemo Waisraeli na mbwa wao wa kunusa. Chini ya kifusi cha Ufundi alikuwamo mama mmoja aliyesikika akizungumza. Nchi nzima ikamjua kwa jina lake la kwanza, ikawa inauliza habari zake asubuhi na jioni kana kwamba ni shangazi wa kila nyumba. Walipomfikia alikuwa ameshafariki. Waliokuwa watu wazima wakati huo bado wanalikumbuka jina lile. Hapo kwanza hawakuwa wakimfahamu wala kuwa na undugu naye, ila walikuwa wamemsubiri.

Mfuko wa damu hospitalini huandikwa kundi la damu. Hauandikwi kabila wala dini ya aliyetoa. Majeruhi wengi wa siku ile walirudi nyumbani wakiwa na damu ya mtu ambaye hawatamjua kamwe, na ambaye huenda wangepishana naye njiani bila hata salamu.

Hali ilikuwa hivyo hivyo Jumamosi ya Septemba 21, 2013, magaidi wa al-Shabaab walipovamia jengo la maduka la Westgate, mtaa wa Westlands. Watu 67 waliuawa. Watoto walikuwa wengi mle ndani, maana kwenye maegesho ya juu palikuwa na shindano la upishi la watoto. Katika saa za mwanzo, baadhi ya walioingia kuwatoa watu walikuwa raia wenye bastola zao za leseni pamoja na maafisa wa polisi wachache. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, Mkenya Msomali na Mwislamu, ambaye miaka ya baadaye alichaguliwa seneta wa Garissa. Picha ya mtoto wa kike akimkimbilia katika ukumbi wa jengo lile ilizunguka dunia nzima. Jirani na hapo, kituo cha jamii ya Oshwal kilifungua milango kikawa mahali pa kupata chakula, huduma ya kwanza na pa kusubiria habari za wapendwa. Wananchi walirudi tena kwenye foleni za damu, na waliokuwa mbali walituma michango kwa M-Pesa.

Siku za baadaye

Saa za kwanza huwakutanisha watu. Majuma yanayofuata huwapima, kwa sababu hofu hutafuta mahali pa kukaa na mara nyingi humkalia jirani.

Novemba 2012 bomu lililipuka ndani ya matatu mtaani Eastleigh, Nairobi. Siku iliyofuata makundi ya vijana yaliwashambulia Wasomali mitaani kwa mawe, ingawa waliokuwa wanapigwa walikuwa wakiishi mtaa ule ule uliolipuliwa. Aprili 2014, baada ya mashambulizi mengine, serikali ilifanya msako mkubwa, na maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa. Baadhi yao walizuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Kwa mtoto aliyekuwa Eastleigh siku hizo, ugaidi ulikuwa na sura mbili: mlipuko uliowatisha majirani wote, na kugongwa kwa mlango wa kwao usiku.

Kutenganisha watu ndiyo kazi ambayo magaidi wenyewe huifanya kwa makusudi. Novemba 2014 waliteka basi lililokuwa likitoka Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Desemba 21, 2015, walisimamisha basi jingine, hili likielekea Mandera, wakataka kufanya vivyo hivyo. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Waliwapa Wakristo hijabu wajifunike, wakawaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwa waliokataa, alipigwa risasi na akafariki hospitalini mwezi uliofuata. Serikali ilimtunuku nishani baada ya kifo chake, na filamu fupi ya Watu Wote iliyotokana na kisa hicho ikafika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Abiria wale hawakuwa na silaha wala hawakuwa wamefunzwa chochote. Walikuwa na dakika chache tu za kuamua kama mtu wa kiti cha pili ni mwenzao. Uamuzi wa namna hiyo haukomai ndani ya basi. Mtu hupanda nao kutoka nyumbani, alikolelewa akisikia majirani wakitajwa kwa heshima au kwa kejeli.

Kazi ya sebuleni

Ndiyo maana siku ya shambulio mzazi ana kazi mbili. Ya kwanza ni usalama, na nyumba nyingi zinaweza kuianza leo: mtoto akariri namba ya simu ya mzazi mmoja, na familia ikubaliane mahali pa kukutana endapo watapotezana katika duka kubwa au stendi.

Kazi ya pili hufanyika mbele ya televisheni. Picha ya mlipuko ikirudiwa mara ishirini, mtoto mdogo hudhani ni milipuko ishirini. Afadhali izimwe. Picha za maiti zinazoingia kwenye kundi la WhatsApp la familia zisipelekwe mbele. Kati ya miili ile yupo mama wa mtu ambaye bado anapiga simu akitafuta habari zake.

Mtoto akiuliza, aambiwe kweli kwa maneno machache: watu wabaya wamewaumiza wengine, wengi wanasaidia, na sisi tuko hapa pamoja. Akilala na taa kwa siku kadhaa, au akikataa kwenda shule, asichekwe wala kuitwa mwoga. Utaratibu wa kawaida wa nyumbani, yaani chai ile ile, kazi ya shule ile ile na saa ile ile ya kulala, humtuliza kuliko hotuba. Hofu ikidumu kwa majuma, mwalimu wake aelezwe na mshauri nasaha atafutwe.

Mzazi naye achunge mdomo wake. Neno moja kuhusu "watu wale" likitamkwa mezani jioni hufika shuleni asubuhi, likakaa kati ya watoto wawili wa dawati moja.

Familia zilizo Dar es Salaam zinaweza kuanzia mazungumzo haya Makumbusho ya Taifa, ambako upo mnara wa kumbukumbu wa waliouawa siku ile ile ya Agosti 7. Za Nairobi zina bustani ya Moi Avenue na ukumbi wake wa maonyesho. Mtoto mdogo anatoshwa na nyasi na ukuta. Picha za ukumbini zinamfaa zaidi aliyekwisha pata umri wa kuuliza na kusubiri jibu.

Kila mwaka ikifika Agosti 7, manusura na jamaa za marehemu hukusanyika hapo. Baadhi huongozwa kwa kushikwa mkono kwa sababu hawaoni. Madai yao ya fidia yamekwenda serikalini na mahakamani kwa zaidi ya miaka 20, na wapo waliokufa wakisubiri. Umati uliowachimbua kwa mikono ulitawanyika jioni ile ile kurudi nyumbani, kama ilivyokuwa lazima. Anayebaki na majeruhi baada ya kamera kuondoka ni mume, mke, mtoto aliyelazimika kujifunza kumsomea baba yake gazeti, na jirani anayebisha hodi hata mwaka wa kumi.

Mtoto wa shule ya msingi wa leo hajawahi kuingia duka kubwa la Nairobi bila kupekuliwa. Huinua mikono mbele ya mlinzi bila kuambiwa na kudhani ndivyo maduka yalivyokuwa tangu zamani. Hofu ya watu wazima imekuwa desturi yake bila yeye kujua. Basi na azoee jambo la pili kwa wepesi huo huo: kumsalimu mlinzi yule kwa jina, kujua mwenye duka la Eastleigh anaitwa nani, na kupeleka sahani nyumba ya pili siku ya Idi na siku ya Krismasi.