Joho la Baba na Nondo wa Pembe



Kabla sijaanza kisa changu, nakuomba uutazame ukuta wa nyumba yako, pale karibu na dari au nyuma ya kabati. Huenda ukaona kifuko kidogo cha kijivu, bapa, mfano wa mbegu ya tikiti, kimeganda. Watoto hukidhani ni uchafu, na akina mama hukifagia. Lakini ukikingojea bila ya kukigusa, utamwona mwenyewe akitoa kichwa upande mmoja na kujikokota polepole na nyumba yake. Huyo ni mtoto wa nondo. Nataka leo nikueleze habari zake na za jamaa zake, kwa kuwa jamaa hao wamenitia adabu mimi mtu mzima mwenye mvi. Na somo lenyewe nililipata mbali na pwani yetu, huko Mpanda.

Marehemu baba yetu alifariki mwaka 2008 mjini Tanga. Alituacha watoto wanne kwa mama wawili, na mkubwa wao ni mimi. Nyumba tuligawana kama sharia ilivyoagiza, hapana aliyelalamika. Lakini palikuwa na kasha moja la vitu vyake, na ndani yake joho jeusi la sufu, lililotariziwa nyuzi za dhahabu shingoni na kifuani, alilokuwa akilivaa Idi zote mbili na siku za harusi. Kasha hilo nililichukua mimi. Nikalitia karafuu na vidonge vya kafuri, nikalifunga kwa kufuli, na ufunguo nikaukalia. Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Ile ni amana ya marehemu." Amana ni neno zuri, msomaji, na kwa uzuri wake mtu aweza kufunika mengi chini yake.

Mwaka 2012 mdogo wangu kwa baba, aliyekuwa Mpanda kwa biashara ya asali na mchele, aliposa huko akakubaliwa. Akanipigia simu. "Kaka," akasema, "nakuomba joho la baba nilivae siku ya nikahi, kisha nitalirudisha kwa mkono wangu." Nikamjibu kuwa joho la baba si kitu cha kusafirishwa katika mabasi ya vumbi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, kaka." Aliozwa akiwa amevaa kanzu ya kuazima, na joho hakulitaja tena. Harusi yenyewe sikwenda. Nilisema kuwa njia ni ndefu.

Mwezi wa Agosti 2019 nililifungua kasha. Kafuri ilikuwa imekwisha zamani, imeyeyuka hewani kama ilivyo desturi yake. Nilipoliinua joho nikashika tarizi peke yake. Nyuzi za dhahabu zilikuwa nzima, zinang'aa, lakini kitambaa kilichozishika kilikuwa kimekwisha, kuanzia mabegani hadi kiunoni. Sehemu ya chini tu ya mgongo ndiyo iliyosalia. Na juu ya sufu iliyobaki palikuwa na vifuko vidogo vidogo vyembamba, kila kimoja cheusi kama joho lenyewe, maana kiwavi yule hujishonea nyumba kwa nyuzi za kitu akilacho. Walikuwa wamelivaa joho la baba yangu kabla ya mdogo wangu kulivaa.

Nilikaa chini. Nikamlaani nondo mchana kutwa. Usiku ulipoingia nikatambua kuwa laana yangu haikumfikia aliyestahili. Juma la pili nikalikunja lile lililobaki, nikalitia katika mfuko, nikasafiri hadi Tabora, na hapo nikapanda treni ya Mpanda. Reli hiyo hutoka Kaliua kuelekea kusini-magharibi, nayo ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulikufa, reli ikabaki, na mji ukakua; na tangu mwaka 2012 Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi.

Mdogo wangu alinipokea stesheni pamoja na mwanawe wa miaka mitano. Alinikirimu ukarimu ambao ulizidi kunikata maini. Siku tatu nilikula asali yake na wali wake, na mfuko wangu umefungwa chini ya kitanda, nisipate ulimi wa kusema. Siku ya nne akanambia, "Kaka, umefika huku, huwezi kurudi pwani bila ya kuiona Katavi." Tukaenda Sitalike, kusini ya mji, tukaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Ulikuwa wakati wa kiangazi kikali. Mto Katuma ulikuwa umekauka ukabaki madimbwi ya tope, na viboko wamesongamana humo mgongo kwa mgongo. Mizoga na mifupa ilikuwa mingi nyikani, kwa kuwa kiangazi huwapunguza wanyama.

Askari wa hifadhi aliyetuongoza alisimama penye fuvu la nyati mkubwa. Akasema, "Wazee, tazameni pembe hizi." Nikatazama. Katika zile pembe palikuwa pametoka vijiti vingi, vigumu, vya rangi ya udongo, mfano wa vidole, kana kwamba pembe zimeota mizizi. Nikadhani ni mchwa. "Siyo mchwa," akasema. "Ni nondo. Nondo mdogo tu, ndugu wa yule alaye nguo za sufu majumbani. Huyu yeye hula pembe." Nikahisi joto la aibu likinipanda usoni, na mdogo wangu hajui kwa nini.

Baadaye nilizitafuta habari za mdudu huyo, na yafaa nikupe hapa kabla ya kumaliza kisa. Jina lake la kitaalamu ni Ceratophaga vastella, na sehemu ya kwanza ya jina hilo kwa Kigiriki maana yake ni mla pembe. Jina la vastella alipewa mwaka 1852 na Mjerumani aitwaye Zeller, aliyepokea wadudu waliokusanywa kusini mwa Afrika na Mswidi Johan August Wahlberg. Nondo mwenyewe hutaga mayai juu ya pembe ya mnyama aliyekufa. Viwavi hutoboa na kuingia ndani, na vile vidole tulivyoviona ni mirija waliyoijenga kwa hariri yao na kinyesi chao. Wakati wa kugeuka ukifika, humo ndimo hutokea nondo mwenye mabawa. Mfupa ulio ndani ya pembe hawaugusi; shabaha yao ni ile ganda ya nje.

Kwa nini ganda hiyo? Kwa sababu pembe, kwato, kucha, nywele, manyoya na sufu, vyote vimeumbwa kwa kitu kimoja kiitwacho keratini. Keratini imefungwa kwa vifungo vya salfa, ndiyo ile tunayoijua kwa jina la kibiriti upele. Na ukitaka ushahidi, kumbuka harufu ya unywele unapoungua. Vifungo hivyo ni vigumu mno, na viumbe wengi hawawezi kuvimeng'enya. Lakini tumbo la kiwavi huyu lina maji makali ya namna ya magadi, tena hewa ya oksijeni ndani yake ni haba. Kwa hali hiyo vifungo hukatika na pembe ikawa chakula. Basi kwake yeye pembe ya nyati na joho la sheikh ni mamoja.

Wataalamu nao wamewaweka katika nyumba moja. Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi, aliyepanga majina ya viumbe, aliwakusanya nondo wengi wa usiku katika kundi moja kubwa, na wengi katika wale wadogo wenye tabia hizi akawaita Tinea. Kutokana na jina hilo familia yao leo yaitwa Tineidae, nayo ina aina zaidi ya 2,000. Hutambulikana kwa malaika za kichwani zilizosimama ovyo kama nywele za mtu aliyetoka usingizini, na kwa ulimi mfupi. Vipepeo na nondo waliokwisha kupewa majina duniani ni zaidi ya aina 150,000, na viwavi wao karibu wote hula majani na mimea. Jamaa hii imeshika njia nyingine: wengi wao hula kuvu, takataka, manyoya ya viota na mabaki ya wafu.

Tena ni jamaa ya kale. Mwaka 2015 watafiti waliolinganisha chembe za urithi waliona kuwa nondo hawa na jirani zao ni katika matawi ya mwanzo kabisa ya lile kundi kubwa lenye karibu aina 98 katika kila 100 za vipepeo na nondo. Wamepatikana wamekwama ndani ya kaharabu ya Bahari ya Baltiki, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 40. Na magamba madogo ya mabawa ya nondo wa zamani zaidi, yaliyochimbuliwa Ujerumani na kutangazwa mwaka 2018, yana umri wa kama miaka milioni 200. Najua hesabu hizi huwashitua baadhi yetu. Mimi hazikunishitua, Muumba hafungwi na saa ya ukutani mwangu.

Lililonishitua ni jingine. Yule nondo wa nguo ajulikanaye Ulaya nzima, aliyewatia hasara matajiri na wafalme, watafiti wa Ujerumani walieleza mwaka 2011 kuwa yaelekea asili yake ni huku kwetu Afrika. Kabla ya mwanadamu kufuma sufu, wazee wake walikuwa wakiishi kwa manyoya na nywele za wanyama waliokufa. Kazi yake ilikuwa kusafisha. Hebu fikiri, bila ya wadudu wa namna hii nyika ya Katavi ingekuwaje, kila nyati na kila swala akifa pembe zake zibaki vizazi na vizazi! Basi nondo hakubadili kazi alipoingia ndani ya makasha yetu. Alikuta kitu kimeachwa gizani, hakiguswi, hakitikiswi, hakioni jua, hakimfai mtu. Kwa kipimo chake hicho ni kitu cha maiti, naye akaanza kukisafisha.

Usiku ule, baada ya Isha, niliutoa mfuko chini ya kitanda. Nikalitandaza joho mbele ya mdogo wangu, nikamwambia yote: kufuli, simu ya mwaka 2012, na kwamba habari ya vumbi la mabasi ilikuwa kisingizio. Nilitaka niwe mimi ndiye mwana wa baba peke yangu. Mdogo wangu alilishika joho muda mrefu, akipitisha vidole katika matundu. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Kaka, lau tungelivaa sote, mimi na wewe na wenzetu, likachakaa mabegani mwetu, leo kila tundu lingekuwa na kisa chake. Haya matundu yana kisa gani?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Aliniambia kuwa amenisamehe, nami naamini. Lakini siku ya harusi yake haitarudi, na hiyo ndiyo hasara ambayo hakuna fundi wa kuishona. Asubuhi tulilipeleka joho kwa fundi cherehani sokoni Mpanda. Katika kile kipande cha mgongo kilichosalia akapata kizibao cha mtoto, akakishonea ile tarizi ya dhahabu kifuani. Mtoto alikivaa siku hiyo hiyo, akakimwagia asali. Nikataka kumkemea, nikajizuia. Niliporudi Tanga nilikusanya ndugu zangu, tukagawana kila kilichokuwamo katika lile kasha, hata miwani.

Ndugu msomaji, nisikuache bila ya faida ya nyumbani. Nondo unayemwona akiruka chumbani ndiye asiyekula kitu; nondo wa nguo akishapata mabawa hali tena, mlaji ni kiwavi. Jike hutaga mayai 40 au 50, na viwavi hupendelea sufu yenye jasho na mabaki ya chakula. Basi safisha nguo kabla ya kuiweka. Kafuri husaidia ikiwa kasha limefungika barabara, lakini huisha. Dawa isiyoisha ni kuitoa nguo mara kwa mara, kuikung'uta, kuianika juani, na kuivaa. Katika Sura ya Al-Qaria watu wamefananishwa na wale wadudu warukao waliotawanyika, na nondo wengi twawajua kwa kuikimbilia taa. Huyu wa makasha ni kinyume chao: huikimbia nuru, na penye kutumika na kutikiswa hakai.

Na ikiwa nyumbani kwako lipo kasha uliloliita amana, na wapo wenye haki nalo wanaokuona haya kukuuliza, basi lifungue leo. Usingoje mpaka mdudu mdogo akugawie mirithi kabla yako.