Nilichoingia nacho Ivuna

Nimeolewa Ivuna, mkoani Songwe, mbali na bahari. Chumvi ya huku asili yake ni chemchemi. Miezi ya mwanzo niliona lazima nichague: nibaki Muunguja au niwe mke wa huku. Nikawa mkimya.

Jioni moja jikoni nikafungulia albamu ya mwaka 2020 ya Siti Muharam, Siti of Unguja. Yeye ni kitukuu cha Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Muziki umesimamiwa na Matona wa Zanzibar, na albamu ikatolewa na On The Corner ya London. Ni taarab yetu iliyokutana na jazi na midundo ya kigeni, lakini sauti ni ya Unguja tupu.

Mama mkwe akauliza, “Huyo wa kwenu?” Nikaitikia. Akavuta kigoda, akasikiliza mpaka mwisho.

Kesho yake nikampikia mchele wa huku kwa nazi niliyoletewa kutoka nyumbani. Akaomba aongezewe.

Bibi harusi, usiyaache ya kwenu mlangoni. Ingia nayo, kwa adabu.