Asiahirishe

Korogwe, 4 Oktoba

Mdogo wangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema mmekaa mkaona mwenzako aahirishe mwaka, abaki kwao na mtoto, wewe uendelee ili angalau mmoja wenu amalize. Kisha ukaniuliza naonaje. Naona asiahirishe, na nimekaa kuandika barua kwa sababu kwenye simu ningelia kabla sijamaliza.

Kwamba mimi niliahirisha unajua. Ilivyokuwa hujui, ulikuwa darasa la pili. Chuo kilinipa fomu, nikajaza, nikarudi nyumbani na mimba ya miezi saba nikiamini ni mwaka mmoja. Ukawa minne. Mtoto alipoacha ziwa, ada haikuwepo. Ada ilipopatikana, baba alikuwa kitandani, na aliyeonekana hana kazi pale nyumbani nilikuwa mimi. Baba wa mtoto alihitimu na wenzake. Siku ya mahafali nilisimama kwenye uzio, mpwa wako mgongoni, watu wakampa yeye mkono kwa uvumilivu. Sikumchukia. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakuna aliyewahi kuuliza kama tungeweza kubaki wote wawili, hata mimi sikuuliza.

Sasa tuhesabu. Mtoto kazaliwa katikati ya Septemba. Chuo kikifunguliwa mwishoni mwa Oktoba atakuwa na wiki 6, ndizo siku za chanjo. Ya wiki ya 10 itagongana na tesi zenu, ya wiki ya 14 iko karibu na Krismasi, na UE, mitihani ya mwisho wa muhula, za Februari zitamkuta hajatimiza miezi sita, bado ni wa maziwa ya mama matupu. Kunyonyesha huwezi. Lakini kliniki nenda wewe, safari zote tatu, na kadi yake mkononi. Nesi akiuliza mama yuko wapi, mwambie yuko kwenye mtihani. Siku ambayo mwenzako ana vipindi mfululizo, akamue asubuhi, wewe umnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo. Chupa iache. Na vyumba vya bati vya Ng'ong'ona hapo Dodoma mwezi wa Novemba navijua, maziwa hayatakaa humo muda mrefu. Nunueni kichombo cha kuwekea barafu kabla hamjanunua pazia.

Kuna jambo linanichoma. Mwanamke aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua pacha, na akirudi kazini anapewa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwenzako hana hata moja ya hizo, kwa kuwa mwanafunzi si mwajiriwa. Bumu la kujikimu la shilingi 10,000 kwa siku limepigiwa hesabu ya mdomo mmoja. Hosteli ni ya wanafunzi, mtoto hana kitanda humo. Basi binti anajaza fomu ya kuahirisha, na kwenye jalada inaonekana ameomba mwenyewe. Novemba 2021, serikali iliporuhusu wasichana wa shule waliojifungua warudi darasani, nilifurahi hadi nikalia mbele ya wanafunzi wangu. Lakini hata mwenye ruhusa anahitaji mtu wa kumpokea mtoto saa mbili asubuhi, na huyo ndiye tunayemtafuta sasa.

Nimezungumza na mama. Yuko tayari kuja Dodoma hadi mwisho wa Desemba. Nauli yake ni juu yangu, na kodi ya miezi sita anayoidai mwenye nyumba tutagawana na kaka. Wewe umeandika "nitamsaidia wikiendi." Neno kusaidia tuachie mimi na mama. Nenda kwa mratibu wa kozi wiki ya kwanza, kabla makundi ya seminari hayajajaa, uombe kundi lisilogongana na la mwenzako. Naye aende kwa mshauri wa wanafunzi mapema, na kila anachoambiwa akipate kwa maandishi. Tesi iliyokosekana bila karatasi yoyote ni vigumu kuitetea baadaye.

Huenda ukapata sapu, mtihani wa kurudia. Nakuambia sasa ili isikushtue. Umekuwa ukishika nafasi za mbele tangu shule ya msingi, na najua ilivyo kwako kuona jina lako kwenye orodha ya sapu. Zikiwa mbili, utazifanya, na mimi sitakuuliza kwa nini.

Wazazi wake pia wasiachwe nje. Wameshasikia mengi kwa majirani. Mama akipita kwenda Dodoma ashuke Morogoro, awaone, awaeleze mpango huu kwa mdomo wake, wajue binti yao hajaachiwa mzigo.

Kuanzia Januari, mama akirudi, bado sina jibu kamili. Dada wa kazi wa asubuhi tu, pengine, tukipata mtu mzima mwenye kuaminika. Ndiyo maana nataka unitumie ratiba zenu zote mbili, yako na yake, hata kama ni za mwaka jana. Nitazilaza mezani, nichore siku tano, nione kila saa ya mtoto ina jina la nani. Zifike kabla ya Jumapili, mama anangoja kukata tiketi.

Nibusie mtoto.

Dada yako